Ubavu Mmoja: Historia ya Kumtambua Mnyama kwa Picha

Simba aliyepigwa picha leo jioni akiwa ameuelekeza ubavu wake wa kushoto kwenye kamera, na simba atakayepigwa picha kesho alfajiri, mwendo wa saa moja kutoka hapo, akiwa amelala na uso wake umegeukia upande wa pili, huenda wakawa simba wawili, na huenda akawa simba mmoja. Na juu ya shaka hiyo, ambayo kwa mtazamaji wa kupita haina uzito wowote, imesimama kazi ya zaidi ya miaka sitini katika mbuga za Afrika ya Mashariki, kazi ambayo kwayo zimejulikana koo za tembo, jamaa za punda milia, umri wa simba na idadi ya twiga. Kazi hiyo yastahili kusimuliwa, kwa kuwa wengi wanaosikia leo kwamba mashine zimejifunza kumfuata mtu au gari kutoka kamera moja hadi nyingine hudhani kuwa swali lenyewe lilizaliwa pamoja na mashine, ilhali lilikwisha kuulizwa, na kwa sehemu kubwa kujibiwa, na watu walioketi juani na darubini na daftari.

Kabla ya kamera palikuwa na mchungaji. Mfugaji wa Kimaasai huwatia ng'ombe wake alama ya chuma cha moto na kuwakata masikio kwa namna ya ukoo wake, lakini alama hizo aghalabu ni za kumjulisha mgeni mali ni ya nani. Yeye mwenyewe hazihitaji, maana humjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa mpindo wa pembe, kwa mwendo, kwa mlio na kwa mama aliyemzaa, hata kundi linaporejea jioni katikati ya vumbi akatambua, bila ya kuhesabu, ni yupi aliyebaki nyuma. Maarifa ya namna hiyo hayategemei upande. Ng'ombe akija kwa kichwa au akienda kwa mkia, akisimama au akilala, ni yule yule, kwa kuwa jicho la mchungaji limemwona akigeuka tangu alipokuwa ndama, na limeihifadhi migeuko yake yote pamoja na umbo lake. Kamera ilipokuja iliondoa mlio, mwendo na nasaba, ikabakiza ubavu mmoja katika nukta moja ya wakati. Na historia yote ya kutambua kwa picha ni historia ya kuitafuta alama moja ambayo, peke yake, yaweza kuchukua mzigo uliokuwa ukichukuliwa na hayo yote.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuwapiga picha wanyama wa nchi hizi usiku alikuwa Mjerumani Carl Georg Schillings, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alizunguka na msafara wa wapagazi katika nchi zilizo kando ya Kilimanjaro na katika nyika ya Wamaasai, wapagazi hao wakiwa wamejitwika mitambo mizito, mabamba ya kioo na unga wa mwako. Alifunga mnyama wa chambo, akatega kamera, na simba alipokuja unga ukalipuka na giza likafunuka kwa mara moja. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1905, kiliwashangaza watu wa Ulaya, na kwa haki, kwa kuwa mambo hayo hayakuwa yameonekana. Hata hivyo picha zile zilimwonyesha simba kwa jinsi yake tu. Hapana aliyezichukua sahifa mbili za kitabu kile akauliza kama simba wa hapa ndiye yule wa pale, na swali lisiloulizwa halipati jawabu hata kama jawabu limo ndani ya kioo.

Swali hilo liliulizwa kwanza juu ya binadamu, tena mahali pasipo na huruma nyingi. Alphonse Bertillon aliingia katika idara ya polisi ya Paris mwaka 1879 kuwa karani wa kunakili, akakuta makabati yaliyojaa picha za wahalifu zilizopigwa kila moja kwa namna yake, huyu ameinamisha kichwa, yule amekunja uso, wa tatu amekaa mbali na kamera, hata ikawa hazifai kitu siku alipokamatwa mtu aliyebadili jina. Alianza kwa kupima mifupa, na mwaka 1883 akamtambua kwa vipimo mtu wa kwanza aliyewahi kushikwa kabla. Kisha akaigeukia picha yenyewe, akaitilia sheria: kiti kimoja kisichosogea, umbali mmoja, mwanga mmoja, na picha mbili kwa kila mtu, moja ya uso na moja ya ubavu wa kulia. Ubavu aliuchagua kwa sababu ya sikio, ambalo yeye aliliona kuwa kiungo chenye sura imara kuliko vyote vya uso, kwa kuwa mtu aweza kufuga ndevu, kunenepa na kuzeeka, na mikunjo ya sikio lake ikabaki ilivyokuwa. Bertillon hakulifundisha jicho kuuelewa mgeuko wa mwili. Aliulazimisha mwili usigeuke, na mtu aliyekalishwa katika kiti kile hakuulizwa ridhaa yake.

Mnyama wa porini hakalishwi kitini. Mwenye kumtaka hana budi kungojea mpaka mnyama mwenyewe ageuke inavyotakiwa, au atafute alama inayosomeka katika migeuko mingi. Na katika njia hizo mbili wamepita wote waliofuata.

Mwaka 1965 kijana wa miaka 23 kutoka Uingereza, Iain Douglas-Hamilton, alifika katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, ukanda mwembamba wa msitu uliobanwa kati ya maji na ukuta wa Bonde la Ufa, akiwa na azma ya kumjua kila tembo aliyekuwamo. Tembo hana milia wala madoa, na ngozi yake hubadilika rangi kwa tope la mahali alipogaragara asubuhi hiyo; pembe zake husaidia, lakini pembe nazo hudanganya, kwa kuwa tembo mwenye pembe moja, akionekana kwa upande wenye pembe, ni tembo wa kawaida, na akionekana kwa upande wa pili ni tembo asiye na pembe kabisa, hata mtazamaji asiye na hadhari akaandika wawili pale ambapo yupo mmoja. Kati ya tembo wake mashuhuri alikuwamo jike wa namna hiyo, aliyempa jina la Virgo. Alama iliyobaki ilikuwa ni sikio: kingo zake zilizochanwa na miiba, matundu yake, na mishipa inayoonekana mwanga ukipita. Sikio la tembo husomeka vizuri likiwa limetandazwa na mnyama akiwa amekukabili, na tembo hulitandaza sikio namna hiyo hasa anapoghadhibika au anapotaka kumtisha mtu; kwa hiyo picha bora kwa daftari ilikuwa ni ile iliyopigwa katika wakati ulio mbaya kwa mpiga picha, na jike mkuu aliyeitwa Boadicea, ambaye vishindo vyake vya kushambulia vilijulikana Manyara nzima, alikuwa kwa sababu hiyo hiyo ni tembo rahisi kuandikwa.

Sikio la tembo lina sifa moja zaidi ambayo naiona kuwa ni yenye manufaa makubwa kwa mwenye kuitumia: mchano uliokwisha kuwapo haurudi kuwa ukingo mzima. Alama huongezeka, hazipungui. Picha ya mwaka jana yaweza kukosa tundu lililomo katika picha ya leo, na bado akawa ni tembo yule yule; lakini picha ya leo ikikosa tundu lililokuwamo mwaka jana, mara nyingi huyo ni mwingine. Kwa kanuni hiyo daftari la masikio halina budi kufanywa upya kila wakati, na huko Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza kazi yake mwaka 1972, limefanywa upya kwa nusu karne, jamaa kwa jamaa, kila jamaa ikiwa na herufi zake, hata watu wa mbali wakamjua kwa jina Echo, jike mkuu wa jamaa ya EB, aliyekufa mwaka 2009 baada ya kutazamwa zaidi ya miaka thelathini.

Insafu yataka isemwe pia kwamba kazi hizi hazikufanywa na wageni peke yao. Askari wa hifadhi na wafuatiliaji wa nyayo waliotembea mbele yao walikuwa na jicho la mchungaji, na mara nyingi walimtambua mnyama kwa mbali, kwa namna alivyobeba kichwa chake, kabla kamera haijatolewa mfukoni. Utambuzi wao haukuandikwa katika daftari, kwa sababu daftari lilikuwa na nafasi ya michano na matundu tu, wala halikuwa na mahali pa kuandika mwendo. Naliona hilo kuwa ni hasara kwa elimu yenyewe, mbali ya kuwa ni upungufu wa haki kwa watu wale.

Kwa wanyama wenye milia na madoa taabu ilikuwa nyepesi kidogo. Hans Klingel, huko Ngorongoro mnamo miaka ya 1960, aliwajua punda milia kwa milia yao, mmoja mmoja, na kwa kuwajua hivyo akaonyesha kwamba kundi kubwa linaloonekana kama mchanganyiko usio na utaratibu ni jamaa ndogo ndogo zinazodumu, kila moja ikiwa na dume mmoja na majike wake. Katika Hifadhi ya Nairobi J. Bristol Foster aliwaandikisha twiga kwa mabaka ya shingo. Wote walikutana na sharti moja, nalo ni kwamba milia ya ubavu wa kulia haifanani na milia ya ubavu wa kushoto, wala baka la huku halina pacha wake kule. Mnyama mmoja ana nyuso mbili za alama, na asiyeamua tangu siku ya kwanza ni ubavu gani atakaoushika atakuwa na madaftari mawili yasiyozungumza.

Simba alikuwa mgumu kuliko wote. Rangi yake ni moja, makovu yake huja na kufifia, manyoya ya shingo ya dume hukua na kugeuka meusi, na pua iliyo nyekundu ujanani huingia madoa meusi utu uzimani. Mwaka 1970 Colin Pennycuick na Judith Rudnai, waliowachunguza simba wa Hifadhi ya Nairobi, walitangaza njia ambayo hadi leo ndiyo msingi. Katika shavu la simba, pale zinapoota sharubu, pana vidoa vyeusi vilivyojipanga safu kwa safu. Safu iliyo juu kabisa huwa na vidoa vichache tu, na mahali pa vidoa hivyo hutofautiana kutoka simba hadi simba. Mtazamaji hapimi umbali kati ya vidoa hivyo, maana umbali hupungua kila kichwa kinapogeuka. Hutazama kila kidoa cha juu kimekaa juu ya kidoa gani cha safu ya chini yake, au katikati ya vipi viwili, na kukiandika hivyo katika kadi yenye mchoro wa shavu la kulia na wa shavu la kushoto. Kichwa kikigeuka kidogo, vidoa hukaribiana, lakini mpango wake haubadiliki. Humo ndimo ulimo uzuri wa njia hii: hawakuishinda shida ya mgeuko kwa kumzuia simba asigeuke, bali kwa kuchagua kusoma mpango badala ya urefu. Wakaongeza tena jambo jingine, nalo ni kukisia kwa hesabu uwezekano wa simba wawili kuwa na mpango mmoja, ili mwenye kusema "ndiye huyu" aseme akijua kiasi cha yakini yake. Kadi za namna hiyo ndizo zilizotumika pia Serengeti, ambako George Schaller alianza kuwachunguza simba mwaka 1966 na wengine wakapokezana baada yake.

Kufikia miaka ya 1990 madaftari yalikuwa yamejaa kupita uwezo wa jicho. Picha za duma wa Serengeti zilikuwa zimehesabika kwa maelfu, na kuilinganisha picha moja mpya na zote zilizotangulia ilikuwa kazi ya siku nzima yenye kuchosha, na jicho lililochoka huona mfanano mahali usipokuwapo. Marcella Kelly, katika makala aliyoitoa mwaka 2001, alieleza namna kompyuta ilivyomsaidia, kwa njia iliyokuwa imekwisha kujaribiwa na Lex Hiby kwa sili wa kijivu wa Uingereza. Kompyuta ilipewa umbo la duma lenye unene na mviringo wake. Mtu akaonyesha katika picha mahali pa viungo vichache vya mwili. Umbo lile likageuzwa mpaka likaafikiana na mnyama wa pichani. Kisha madoa yakanyanyuliwa kutoka mwilini na kulazwa bapa, kama mshonaji anavyoifumua kanzu na kuitandaza mezani ili auone mkato wake bila ya mabega ya mwenye kuivaa. Duma aliyesimama kimshazari na duma aliyesimama ubavu wakawa, baada ya kutandazwa, na kitambaa kimoja. Lakini kazi haikuondoka mikononi mwa binadamu: mashine ilichagua picha chache zilizofanana zaidi, na mtu akaamua, na pale duma alipokuwa ameipa kamera mgongo, au picha ilipokuwa na ukungu, mashine ilimkosa.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. Katika maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia, huonekana potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye mgongo na mbavu zake zimejaa madoa meupe. Mwaka 2005 wataalamu watatu, mmoja wao akiwa mwanafalaki, Zaven Arzoumanian, walitangaza kwamba hesabu iliyotungwa na Edward Groth mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha orodha za nyota yafaa kwa madoa ya samaki huyu. Msingi wake ni pembetatu. Chukua madoa matatu yoyote, yaunganishe, nawe una pembetatu. Piga picha nyingine kwa mbali zaidi, au kamera ikiwa imeinama, na pembetatu itakuwa ndogo au itakuwa imezunguka, lakini uwiano wa pande zake utabaki. Kwa makubaliano, sehemu inayopigwa ni ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani, mahali ambapo mwili haupindi sana samaki anapopiga mkia. Na tazama jinsi makubaliano hayo yanavyofanana na kiti cha Bertillon: hesabu ni ya nyota, lakini sharti ni lile lile la ubavu mmoja.

Halafu zikaja programu zisizohitaji kuonyeshwa viungo. Kanuni iliyobuniwa na David Lowe huko Kanada mwaka 1999 huzitafuta katika picha nukta zenye sura ya pekee na kuzieleza kwa namna isiyobadilika picha ikikuzwa au ikizungushwa, na juu yake ikajengwa programu ya Wild-ID, iliyojaribiwa kwa twiga wa Tarangire. Lakini sharti la ubavu mmoja halikuondoka: huko kaskazini ya Kenya, tarehe 30 na 31 Januari 2016, watu wa kila namna, wanafunzi, askari wa wanyamapori na wenyeji wa vijiji, walitoka na kamera kuwahesabu punda milia wa Grevy, na sharti walilopewa lilikuwa kwamba wapige ubavu wa kulia.

Sababu ya sharti hilo ni hesabu yenyewe, ambayo ni ya zamani, ya Mdenmaki C. G. J. Petersen aliyeitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19. Tuseme siku ya kwanza wamepigwa picha punda milia 100, na siku ya pili 50, na katika hao 50 wamo 25 waliokwisha kuonekana jana. Ikiwa nusu ya walioonekana leo walionekana jana, basi ni haki kukisia kwamba wale 100 walikuwa nusu ya wote, na wote ni 200. Lakini mwenye kutambua akiwakosa watano kwa sababu tu walikuwa wamegeuka, akaandika 20 mahali pa 25, jumla hupanda hadi 250, na punda milia 50 wasiokuwako duniani wamezaliwa kwa kalamu. Kwa mnyama aliye wa kawaida hilo ni kosa. Kwa mnyama anayetoweka ni hatari, maana serikali yaweza kutulia kwa idadi isiyokuwapo. Hesabu ya mwaka 2016 ilileta makisio ya punda milia wapatao 2,350, na thamani ya namba hiyo yote imo katika saburi ya wale waliomngojea mnyama mpaka akageuka.

Miaka hii mashine hufundishwa kwa namna nyingine: hupewa jozi nyingi za picha, nyingine za mnyama yule yule katika migeuko mbalimbali, nyingine za wanyama tofauti, na kuachwa zigundue zenyewe nini cha kushika na nini cha kuacha, na kwa njia hiyo hiyo hufundishwa kulifuata gari katika barabara za miji mikubwa, au mtu katika kituo cha treni, jambo ambalo lina hofu zake na lataka makala yake peke yake. Kwa upande wa porini, baadhi ya jozi hizo za kufundishia zimetoka katika madaftari yale yale ya masikio, mashavu na mbavu yaliyoandikwa kwa mkono.

Mbavu mbili bado hazijakuwa moja. Wanaotega kamera njiani kwa ajili ya chui hufuata desturi iliyothibitishwa na Ullas Karanth kwa milia ya simbamarara wa India, ya kuweka kamera mbili zinazotazamana, ili mnyama akipita katikati apigwe mbavu zote kwa pamoja. Baharini hapana njia wala mti wa kufungia kamera. Kwa hiyo potwe aliyepigwa kushoto na mpiga mbizi mmoja, na kulia na mwingine, hupewa namba mbili, na namba hizo zaweza kukaa mbalimbali miaka mingi, mpaka mtu mmoja amzunguke samaki huyo katika mkutano mmoja na kurudi na picha za mbavu zote mbili. Hapo sahifa mbili huunganishwa, namba moja hufutwa, na jumla ya potwe waliomo daftarini hupungua mmoja bila ya kufa hata mmoja.